BARUA YA BWANA SHAMBA: Ugomvi wa nyumbani huanzia wapi?



Mwezi huu sitaandika juu ya mbolea wala juu ya chulebuni. Nitaandika juu ya amani ya nyumbani.

Labda wengine watasema, "Bwana Shamba ana nini na mambo ya ndani? Hayo ni ya wazee wa ukoo, ya mchungaji na ya shehe." Ni kweli, hao wana kazi yao. Lakini mimi hupita nyumba kwa nyumba, Akheri, Poli, Nkoaranga, mpaka Ngare Nanyuki. Shamba la nyumba yenye ugomvi hulitambua kabla sijafika mlangoni. Migomba haijapunguzwa machipukizi. Kahawa imeiva, imekaukia mtini, kwa kuwa mama amekataa kuchuma na baba anaona haya kuchuma peke yake. Ng'ombe analia zizini saa tano asubuhi, hajapewa majani. Hapo hata nikileta miche bora kuliko yote, itakufa.

Kwa hiyo jambo hili ni la shamba pia.

Watu wengi hudhani ugomvi hutoka katika roho mbaya ya mtu. Husema, "Mke huyu ni mkali," au, "Mume huyu ni mkorofi." Wako watu wakali na wako wakorofi, sikatai. Lakini mara nyingi ninapouliza vizuri, naona ugomvi umetoka katika vitu tunavyoweza kuvihesabu. Umetoka katika mzigo wa majani, ndoo ya maji, kuni, na fedha. Vitu vinavyohesabika vinaweza kupangwa.

Tuanze na ng'ombe. Ardhi yetu ya mlimani ni ndogo, watu ni wengi, kwa hiyo tunafuga ndani. Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 hula majani mabichi kilo 40 au zaidi kwa siku. Hunywa maji lita 40 hadi 60, na akitoa maziwa mengi huhitaji zaidi. Mzigo wa majani unaobebwa kichwani ni kama kilo 20. Basi hiyo ni mizigo miwili kila siku, pamoja na ndoo mbili au tatu za maji, za ng'ombe mmoja tu. Jumapili ng'ombe anakula. Sikukuu ng'ombe anakula.

Sasa ujiulize, ewe baba wa nyumba. Ng'ombe ulimnunua wewe, na watu walikupongeza. Nani anambebea majani?

Katika nyumba nyingi ni mama. Huyo mama ameamka saa kumi na moja alfajiri. Amekamua, amewasha moto, amewapikia watoto uji, amekwenda shambani, amekata majani, amepika tena, amechota maji. Saa mbili usiku baba anarudi na kusema, "Chakula bado?" Neno hilo ni dogo. Lakini linamkuta mtu ambaye hajakaa kitako tangu alfajiri. Hapo moto unawaka, na majirani wanasikia.

Dawa yake ya kwanza ni kupunguza mwendo. Pandeni mabingobingo au Guatemala kwenye kingo za makingamaji, ndani ya shamba lenu. Majani hayo hushika udongo usichukuliwe na maji, na hulisha ng'ombe. Majani yakiwa hatua hamsini kutoka zizini, hata mtoto aliyetoka shule anaweza kusaidia. Yakiwa bondeni mwendo wa saa nzima, atakwenda mama tu.

Dawa ya pili ni ngumu zaidi kwa sisi wanaume. Beba mzigo mmoja. Hakuna mila ya Wameru wala ya Waarusha inayosema kwamba mume akibeba majani atakufa. Nimewaona wazee wa heshima wakisukuma toroli ya majani mchana kweupe. Kwa toroli mtu mmoja hubeba kazi ya watu wawili au watatu. Tena mwanamume anayeona haya kubeba kichwani haoni haya kusukuma toroli! Basi nunua toroli.

Sasa nije kwenye fedha. Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo penye jeraha.

Zamani mambo ya fedha katika mlima huu yalikuwa na mpaka wake. Kahawa ilikuwa mali ya baba. Ndizi zilikuwa za mama, naye alizipeleka sokoni Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi, akarudi na chumvi, mafuta na sabuni. Maziwa kidogo yaliyobaki yalikuwa yake pia. Fedha za kahawa zilikuja kwa mkupuo, zikalipa ada, zikanunua mabati. Fedha za ndizi zilikuja kidogo kidogo, zikalisha nyumba. Haikuwa haki kamili, lakini kila mmoja alijua chake.

Kisha likatokea jambo mbali sana na hapa. Nchi zinazouza kahawa na zile zinazonunua zilikuwa na mkataba, uliosimamiwa na Shirika la Kahawa la Kimataifa, lenye makao yake London. Mkataba ule uliigawia kila nchi kiasi cha kuuza, ili kahawa isijae sokoni kupita kiasi. Mwezi wa Julai 1989 utaratibu huo ulivunjika. Kahawa ilifurika sokoni na bei ikaanguka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanguka tena vibaya. Wakulima wengi wa Meru waliacha kuihudumia mibuni. Wengine waliing'oa, wakaongeza migomba, wakapanda mboga na nyanya, wakafuga ng'ombe wa maziwa.

Mnaona lililotokea? Mali ya baba ilipungua. Mali ya mama, yaani ndizi na maziwa, ikawa ndiyo fedha kubwa ya nyumba. Magari ya wafanyabiashara yakaanza kuja shambani kununua mikungu. Hapo baba, ambaye hakuwahi kuuliza habari ya ndizi, akaanza kuuliza. Naye mama, aliyekuwa akilisha watu kwa ndizi zile, akaanza kuficha. Baba anauza mkungu mama akiwa kanisani. Mama anauza maziwa kwa jirani usiku, asionekane. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, na kila mmoja anamwibia mwenzake. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kuwa mwizi. Mpaka wa zamani ulifutika, na hakuna aliyekaa kuchora mpya.

Basi tuuchore. Nitaeleza njia moja ambayo nimeitumia katika vikundi vya wakulima. Haihitaji mtaalamu wala fedha. Inahitaji maharage 20.

Chagueni jioni moja kabla ya kuanza kuchuma kahawa, au kabla ya kuuza mavuno yoyote makubwa. Kaeni baba, mama, na watoto waliokua. Msiite majirani. Yamwageni maharage 20 mezani. Maharage hayo ni fedha yote mnayotegemea kupata katika msimu. Sasa wekeni alama kwenye meza kwa vitu vidogo. Kalamu ni shule. Jani la mgomba ni shamba, yaani mbolea, dawa na vibarua. Kijiko ni chakula. Kipande cha sabuni ni usafi na matibabu. Kamba ni ng'ombe. Jiwe ni akiba. Kikombe ni mambo ya baba na mama, kila mmoja chake, na hapo ndipo pombe na vitenge vinapoingia.

Kwanza baba ayagawe maharage peke yake, wengine wanyamaze. Mtoto aandike hesabu. Kisha yakusanywe, mama ayagawe naye, baba anyamaze. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu ya jioni hiyo! Kisha linganisheni.

Katika kikundi kimoja baba mmoja aliweka maharage manne kwenye kikombe na moja kwenye kijiko. Mke wake hakusema neno. Alipofikiwa na zamu, aliweka saba kwenye kijiko. Yule baba akauliza, "Saba ya nini, mama watoto?" Mkewe akamhesabia mmoja mmoja. Sukari, mafuta, chumvi, unga miezi ambayo mahindi yameisha, mchele wa wageni wake yeye baba. Yule mzee hakuwa mchoyo. Alikuwa hajui. Miaka yote fedha za ndizi zilikuwa zikilipa vitu hivyo bila yeye kuviona.

Mkishakubaliana, andikeni. Wewe uliyemaliza darasa la kisomo, kalamu yako isiishie kuandika jina tu. Chukua daftari. Chora mistari, upate nafasi nne. Ya kwanza andika tarehe. Ya pili andika kitu kilichouzwa au kilichonunuliwa. Ya tatu andika fedha iliyoingia. Ya nne andika fedha iliyotoka. Daftari likae mahali ambapo wote wawili wanapafikia. Daftari lililofungiwa sandukuni na mmoja, na ufunguo anao yeye, hilo si daftari la nyumba.

Wako watakaosema, "Mwanamke akijua fedha zote hatanitii." Mwaka 1952 Wameru walichanga fedha zao wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa kule New York, kupeleka malalamiko ya ardhi yao ya Ngare Nanyuki, ambako walikuwa wamehamishwa kwa nguvu mwaka 1951. Watu waliokaa pamoja wakachanga shilingi za kumvusha mtu bahari watashindwaje kukaa wawili wakahesabu gunia moja la kahawa?

Sheria nayo isisahauliwe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Sheria hiyo hiyo inakataza mume au mke kumpiga mwenzake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki na kutumia ardhi. Kama kuna kipigo katika nyumba yako, maharage 20 hayatoshi. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, ofisi ya kata, ustawi wa jamii au polisi. Usingoje msimu uishe.

Sasa tuingie jikoni.

Jiko letu la mafiga matatu ndani ya chumba kisicho na dirisha hugombanisha watu kimyakimya. Moshi huumiza macho na kifua. Mtoto mchanga anayebebwa mgongoni jikoni huvuta moshi ule ule, na wataalamu wa afya wanasema moshi huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Mtoto akikohoa usiku kucha, hakuna anayelala. Asubuhi kila mtu ana hasira na hajui kwa nini. Tena kuni zimekuwa mbali. Msitu wa Mlima Meru ni hifadhi, na anayekamatwa humo na mzigo wa kuni hulipa faini. Faini hiyo huleta ugomvi mwingine.

Anza na kidogo. Toboa madirisha mawili yanayotazamana, moshi upite. Pasua kuni, zianike chini ya paa mpaka zikauke kabisa, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mwingi na moto kidogo. Jenga jiko banifu la udongo lenye bomba la kutoa moshi nje. Udongo wa kichuguu unafaa sana.

Mwenye ng'ombe wawili wa ndani anaweza kufikiria gesi ya samadi. Mjini Arusha kuna CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1981. Tangu miaka ile ya 1980 kituo hicho kimejenga na kufundisha ujenzi wa mitambo ya gesi ya samadi. Kilo 25 za samadi mbichi kwa siku, zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho, hutoa gesi ya kuwasha jiko la mdomo mmoja kama saa mbili na nusu. Hiyo hutosha chai ya asubuhi na kitoweo cha jioni. Maharage na makande yatahitaji kuni bado, tusidanganyane. Tope linalotoka ni mbolea nzuri ya migomba na kahawa. Kujenga mtambo kuna gharama kubwa, kwa hiyo waulizeni wenye mitambo kijijini kwenu kabla ya kuamua. Na msijenge kama maji ni ya shida. Mama asije akaondolewa mzigo wa kuni akaongezewa mzigo wa ndoo.

Juu ya maji nina jambo zito la kusema, hasa kwa wasomaji wa Ngare Nanyuki, Maji ya Chai na vijiji vya jirani. Mlima wetu ni wa volkano. Maji ya chemchemi na mito mingi ya upande huu yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akiyanywa maji ya floraidi nyingi wakati meno yake yanaota, meno huwa ya kahawia. Yakizidi sana kwa muda mrefu, mifupa huharibika, na mtoto anaweza kupinda miguu.

Magadi nayo yamo katika jambo hili. Wengi wetu hutia magadi kwenye makande ili mahindi na maharage yaive upesi. Magadi ya sehemu zetu yana floraidi nyingi. Kwa hiyo mtoto anaipata kwenye kikombe na kwenye sahani pia.

Kwa nini naliandika hili katika barua ya amani? Kwa sababu mtoto akipinda miguu, watu huanza kutafuta mwenye kosa. Wengine husema ni laana ya ukoo wa mama. Wengine humtazama jirani kwa jicho la uchawi. Nyumba huvunjika hapo, na mama hurudishwa kwao na mtoto wake. Mama huyo hakukosa lolote, na jirani hakuroga. Chanzo kimo katika maji na magadi. Mpelekeni mtoto hospitali, maana kuna sababu nyingine za matege pia, na daktari atazichunguza.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi. Kichujio cha mkaa wa mifupa huiondoa. Kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji kilichoko Ngurdoto kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Na kwenye makande acheni magadi. Loweka mahindi na maharage tangu jana yake, yataiva upesi.

Msaada mwingine uko juu ya vichwa vyenu. Maji ya mvua hayana floraidi ya kudhuru. Nyumba yenye paa la bati, iliyo na urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, ina eneo la mita za mraba 48. Mvua ya milimita 10 ikinyesha, paa hilo hupokea lita 480. Toa sehemu ya tano inayopotea, zitabaki kama lita 380. Hizo ni ndoo 19 ambazo hakuna aliyezibeba! Wekeni maji hayo kando kwa kunywa na kupikia watoto. Ya mtoni yatumike kwa kufulia.

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini maji ya bati lake yananuka na mke wake anakataa kuyapikia. Ndugu, mke wako ana haki. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huosha vumbi, majani na mavi ya ndege. Igeuze bomba, maji ya dakika kumi za mwanzo yamwagike nje. Funika pipa kwa kitambaa kisafi au wavu, mbu wasizae ndani. Mfereji wa bati uinamie upande wa pipa kidogo tu, na uusafishe kabla ya masika, mwezi wa pili. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa kama kawaida.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitajibu maswali mengi yaliyoletwa juu ya kupogoa mibuni mizee.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu.